Muulize Ami: Huyo bibi juu ya ngamia ni nani?

Toleo lililopita niligusia tu, kwa mstari mmoja, kwamba Wazungu wa zamani wakitaka kuchora Haki, Ukweli, Bahati au hata bara zima basi wanachora mwanamke. Mstari mmoja ule umeniletea meseji nyingi kuliko yote nilioandika mwaka mzima kukhusu milango ya Mji Mkongwe, jamani watu wa Unguja na Pemba, likitajwa jina la mwanamke tu mshaamka (msinune, natania). Nimechagua sita, zengine zinajirudia.

Kwanza tuelewane kidogo. Tukisema baroko tunakusudia sanaa ya Ulaya ya kuanzia kama 1600 mpaka 1750 hivi, yani huku kwetu Wareno bado wapo, mpaka Waomani walipowatoa Fort Jesus mwaka 1698. Wengi wanasema neno lenyewe ni la Kireno, lulu iliyopinda isiyokaa duara. Na kweli ni sanaa ya kupindapinda, dari lina mawingu, watu wanaruka, dhahabu kila pembe, jicho halipati pahala pa kupumzika, ni kama bibi harusi aliyevishwa vya kwao na vya jirani na vya kuazima. Haya twende.

*

"Ami shikamoo. Mwanangu yuko Ujerumani anasoma, juzi kanitumia picha ya dari la jumba la zamani, kaniambia mama hebu mtafute Afrika. Nimeivuta picha mpaka simu ikapata moto ndo nikamuona, mwanamke mweusi kajikalia juu ya ngamia. Ami, huyo ndo sisi? Na ngamia huyo wa wapi?" — Mama, Kikwajuni

Marahaba dada yangu. Hilo dari liko mji wa Würzburg, juu ya ngazi za jumba la askofu ambae alikuwa askofu na mtawala hapohapo. Mchoraji ni Giovanni Battista Tiepolo wa Venice, kalimaliza 1753 baada ya kama mwaka mmoja na kitu, na ni zaidi ya mita za mraba 500 za mchoro mmoja, rangi inapakwa lipu ikiwa bado mbichi kwa iyo ukichelewa imekula kwako. Hapana hata nguzo moja inayolishika kuba lile. Mwaka 1945 mji ukapigwa mabomu, jumba likaungua, kuba likabaki limesimama.

Sasa tazama alivyowapanga. Unapanda ngazi, wa mwanzo kukupokea ni Amerika, manyoya kichwani, kapanda mamba. Ubavu mmoja Asia juu ya ndovu, ubavu mwengine ndo huyo bibi yetu juu ya ngamia, na wafanyabiashara na mizigo yao. Alafu unageuka kwenye kituo cha ngazi, mbele yako Ulaya. Yeye hakupanda mnyama. Kakaa kitini, ng'ombe dume yuko pembeni tu, na kazungukwa na muziki, uchoraji na ujenzi, na huyo mjenzi wa jumba mwenyewe, Balthasar Neumann, kachorwa kaegemea mzinga wa vita. Yani wenzake wamepewa wanyama na bidhaa, yeye kapewa elimu. Mi nalipenda dari lile kwa mkono wa fundi lakini hiyo hesabu naiona, na wewe mwambie mwanao aione.

Huyo ndo sisi? La, dada. Tiepolo hajatia mguu Afrika. Wachoraji wa wakati ule walikuwa na kitabu. Mtaliana mmoja anaitwa Cesare Ripa alitoa Roma mwaka 1593 kitabu kinaitwa Iconologia, mwanzo bila ya picha, likaja toleo la 1603 lenye picha, na humo kila jambo limewekewa mwanamke wake, avae nini, ashike nini, akanyage nini. Mafundi wakawa wanakichungulia kama fundi cherehani anavyochungulia katalogi. (Mwaka uleule 1593 Mtaliana mwengine, Cairati, ndie ramani yake ilitumika kuanzia kujenga Fort Jesus kule Mombasa, nalisema tu kwa sababu linanifurahisha.) Afrika ya Ripa ni mwanamke mweusi, kichwani kavaa kichwa cha ndovu, shingoni marijani, mkono mmoja nge, mkono mwengine pembe imejaa masuke ya nafaka, pembeni simba na nyoka. Vingi katika hivyo Ripa kavitoa kwenye sarafu za Warumi, na Warumi wakisema Afrika walikuwa na maana ya kule kaskazini, Tunisia na majirani zake. Kwa iyo huyo bibi ni nakala ya sarafu, hakuna mtu alomkalisha mwanamke wa kwetu akamchora.

Ngamia ni Tiepolo aliyempendelea, ngamia wa misafara ya jangwani. Ila usiseme Zanzibar ngamia hatukuwanao, tafuta picha za zamani za mjini utamuona anazungusha kinu cha mafuta, kafungwa macho maskini.

Lakini nikwambie kitu. Ukimsoma Ripa pale kwenye Asia, kamshikisha nini? Mkono mmoja chetezo kinafuka moshi, mkono mwengine matawi ya viungo, na ndani yake pilipili manga na karafuu. Karafuu na chetezo! Mwanamke yeyote wa Wete akiiona ile picha atasema huyu shoga yangu. Na si kosa, maana wakati ule karafuu zote zinatoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, kwetu zimekuja mwanzoni mwa karne ya 19. Leo Ripa angebidi abadilishe.

*

"Kaka, nasomesha skuli ya sekondari Pemba. Wanafunzi wameniuliza, kwa nini kila kitu kizuri au kikubwa lazima kiwe mwanamke? Nimewajibu kwamba mwanamke ni pambo. Nimekosea?" — Mwalimu, Wete

Mwalimu hujakosea sana ila umeanzia mwisho. Anzia kwenye sarufi. Kilatini na Kitaliano kila jina lina jinsia, dume au jike (Kilatini kina na ya tatu, si dume wala jike), na majina mengi ya mambo yasioshikika yameangukia ujike. Haki, ukweli, busara, umaarufu, bahati, yote hayo kwao ni "yeye mwanamke". Mchoraji akiambiwa mchore Ukweli, ulimi wake ushamwambia kwamba ni bibi. Sie Kiswahili chetu haki iko N yake, ukweli uko U yake, hapana mume hapana mke, ndo maana tunashangaa.

Ushahidi ni mito. Neno lao la mto ni la kiume, kwa iyo mito ikawa wanaume wenye midevu. Nenda Roma, Piazza Navona, kuna chemchemi ya Bernini ya mwaka 1651, mito minne ya mabara manne, Danube, Ganges, Nile na Río de la Plata, wote wanaume wamevimba misuli. Nile kajifunika kitambaa kichwani. Kwa nini? Kwa sababu chanzo chake kilikuwa hakijulikani. Kitambaa kile kimekaa miaka mia mbili na kitu mpaka Mwingereza Speke alipofika ziwa Victoria mwaka 1858, na msafara wake ulitokea wapi? Hapahapa Unguja, na wabeba mizigo na viongozi wa njia wa huku huku. Waambie wanafunzi wako hilo, watalikumbuka kuliko la pambo.

Na kama wanasema sie hatuna mambo hayo waangalie daftari la mahudhurio. Subira, Neema, Rehema, Salama, Imani, Saada, Raha. Wasichana wote hao ni majina ya mambo yasioshikika. Neema na Rehema tumezitoa Kiarabu na kule pia ni majina ya kike, kwa iyo mlango ni uleule. Tofauti ni kuwa Bi Subira wetu anaweza akawa na hasira za kufa mtu, wakati Subira wa dari haruhusiwi kukasirika hata siku moja.

Sasa nikubaliane na wewe kidogo, sarufi ilifungua mlango tu. Waliolipa pesa walikuwa maaskofu, wafalme na matajiri, wanaume, na hawakuchukia kutazama. Ukiwa na sababu ya dini ya kumweka mwanamke mzuri ukutani kwako nani atakusuta?

*

"Ami samahani kwa swali. Mbona wengi wako uchi? Nilitaka kumuonesha mama picha za haki na ukweli nikaona aibu nikafunga simu." — Msichana, Chukwani

Mwanangu umefanya adabu. Si wote walio uchi. Ukweli ndo khasa, kwa sababu wanasema hana cha kuficha, na hata sie tunasema ukweli mtupu. Bernini huyohuyo alianza kuchonga Ukweli wake mwaka 1646 akiwa na hasira, alikuwa kajenga mnara wa kengele kwenye kanisa kubwa la Petro, ukuta ukapata nyufa, mnara ukabomolewa, watu wakamcheka mji mzima. Akaenda nyumbani akachonga mwanamke ameketi, mkononi kashika jua, mguu mmoja kaukanyaga mpira wa dunia, anacheka. Na Wakati, yani muda wenyewe, alikuwa awe juu yake, mzee mwenye mabawa, anamvua shuka. Yule mzee hakuchongwa mpaka Bernini anakufa. Kwa iyo Ukweli mpaka leo yuko Roma, Galleria Borghese, anamngoja Wakati aje, na mi kila nikifikiria hilo nacheka mwenyewe.

Alafu akaweka Ukweli mwengine kwenye kaburi la Papa Alexander wa 7, naye akiwa uchi, akaja Papa mwengine, Innocent wa 11, akasema hapana huyu avalishwe, akavalishwa nguo ya madini ikapakwa rangi nyeupe ifanane na marmar. Mama yako asingekuwa wa mwanzo, unaona.

Kile kinachonichanganya mimi ni yule wa Naples. Antonio Corradini kamchonga Haya mwaka 1752, Haya yani staha, kajifunika shela kutoka kichwani mpaka chini. Alilipwa na mtukufu mmoja wa huko, Raimondo di Sangro, amkumbuke mama yake aliyekufa yeye akiwa mtoto hajatimia mwaka, na pembeni kaweka jiwe la kaburi limepasuka, umri uliokatika. Sasa ile shela ni marmar, jiwe, lakini kaichonga nyembamba mpaka unaona pua, midomo, kitovu, kila kitu. Huyo ndo Haya! Nimemuonesha bibi yangu kwenye simu akatia miwani akatazama akasema, "Huyu buibui lake limeroa mvua?" Sikuwa na jibu.

*

"Assalaam alaykum. Mimi fundi lipu, nimekarabati nyumba mbili tatu hapo mjini kwa chokaa ya asili. Nimeona picha za masanamu meupe pepepe kwenye makanisa ya huko, wanawake kama wanataka kutembea. Jamaa kanambia si marmar ni lipu. Nimekataa. Nani kashinda?" — Fundi, Malindi

Waalaykum salaam fundi, jamaa kashinda, ila na wewe unapata heshima maana ni kazi ya wenzako. Unayemtafuta anaitwa Giacomo Serpotta, kazaliwa Palermo kisiwa cha Sicily 1656, kafa hukohuko 1732. Mtu wa kisiwa kama sisi. Kazi yake yote ni chokaa.

Alivyokuwa akifanya ni hivi. Anasimamisha mifupa kwanza, mbao na waya, sehemu nene anajazia matambara au majani makavu ili sanamu isiwe nzito. Juu yake lipu ya chokaa na mchanga, nzito, ya kutoa umbo. Ikishika anaanza tabaka la mwisho, chokaa laini na unga wa marmar, hilo analisugua na kulipiga msasa mpaka linang'ara, ndo mana wewe ukadhani jiwe. Wenzake walikuwa wanaacha lipu imekauka kavukavu kama ukuta wa choo, yeye kaifanya iwe na mng'aro wa lulu. Wazee wetu wa niru wangemuelewa bila ya mkalimani, maana nawe unajua ukiona kidaka cha nyumba ya zamani kimelainishwa mpaka unataka kukipapasa, hapana siri hapo zaidi ya chokaa iliyokaa vizuri, mkono, na kutokuwa na haraka. Uzuri wa chokaa inakupa muda. Ubaya wake pia inakupa muda, kila siku unaona kosa jengine.

Sasa wanawake zake. Kwenye kijikanisa cha Rozari cha San Domenico hapo Palermo kawasimamisha kwenye vidaka ukutani, kila mmoja fadhila moja, yani tabia njema moja, na si mabibi wa Ripa wenye sura za jiwe, ni wasichana wa mjini wamevaa za kwenda harusini, lesi, mabega yamepinda, mmoja utadhani anakusikiliza kwa sikio moja. Yule Nguvu kaegemea nguzo, maana nguzo ndo alama ya nguvu. Itazame ile nguzo kwa karibu. Kuna mjusi mdogo anapanda. Kwa lahaja ya kwao mjusi mdogo anaitwa jina linalokaribiana na Serpotta, basi ile ndo sahihi yake. Hakuandika jina, kaweka mjusi wa lipu kwenye nguzo ya lipu. Ukimaliza nyumba yako ya tatu fundi, na wewe weka chako, hata kaa.

*

"Bwana Ami, bibi yetu kaacha kabatini kijisanamu cha kauri, mwanamke kakaa juu ya simba, kichwani kofia ya ndovu, mkono umekatika. Chini kuna panga mbili za buluu zimepishana. Mtu kanipa laki tatu. Niuze?" — Darajani

Simba na kofia ya ndovu, huyo ni Afrika wa Ripa tena, kashuka darini kaja kabatini. Kiwanda cha Meissen kule Ujerumani kimeanza 1710, na fundi wake Kändler alitoa mabara manne kama vijisanamu vya kupamba meza ya chakula, wageni wakila wanatazamana na dunia nzima. Panga mbili za buluu ndo chapa ya Meissen. Lakini pia ndo chapa iliyoibiwa kuliko zote, karne ya 19 viwanda chungu nzima vimeiga sanamu na chapa yake pamoja. Pitisha ukucha juu ya panga, zikikwaruza ukucha maana yake zimechorwa juu ya mng'aro baadae, hapo kuwa na shaka. Zikiwa laini bado si uhakika, ila una haki ya kusubiri.

Usiuze kwa mtu aliyekuja na bei yake mfukoni. Mi nilishaliwa, niliuza saa ya babu kwa duka moja la vitu vya kale, wiki ya pili nikaikuta dirishani kwa bei mara sita, na mwenye duka ananisalimia vizuri kabisa. Na mkono usiugundishe kwa gundi ya dukani, uwache ulivyo.

*

"Ami, mi seremala. Wakili mmoja anataka nimchongee mlango wa ofisi, katikati yule mwanamke wa mizani na upanga, kafungwa macho. Sijawahi kuchonga mtu. Nifanyeje, na kitambaa cha macho ni lazima?" — Jang'ombe

Si lazima. Kitambaa kimeanza kwa kejeli, kuna picha ya mwaka 1494 ndani ya kitabu cha Kijerumani cha kuwacheka wajinga, pale mpumbavu ndo anamfunga Haki macho, maana yake mahkama haioni inachofanya. Baadae watu wakaigeuza wakasema kafungwa ili asipendelee. Haki aliyewekwa na Bernini kwenye kaburi la Papa Urban wa 8 macho yake wazi, na yule wa dhahabu juu ya mahkama ya Old Bailey, London, pia hana kitambaa. Muulize wakili anataka ipi, asije akaambiwa na mteja mwenye kusoma.

La pili, milango yetu toka zamani haina mtu. Ina yungiyungi, samaki, mnyororo, tende, na kila mtu anaisoma. Mi ningemshawishi akubali mizani peke yake juu ya kizingiti, yungiyungi chini, mnyororo pembeni kama kawaida, mtu akipita atajua hapa pana wakili bila ya kuoneshwa sura ya bibi yeyote. Akikataa basi mchonge, ila sahani za mizani usizitoboe kwenye mbao, mfenesi utakatika pale kwenye vijinyororo vyake, zitengeneze za shaba uzitundike. Na bei muongezee, vidole vya miguu ya binadamu vinakula patasi kuliko mlango mzima wa samaki.